Kutoka Dresa hadi Tabibu: Karne Moja ya Kazi Bila Cheo

Matatu inayotoka Kitale kwenda Webuye kwa barabara kuu ya A1 hupita Kiminini, huingia Kaunti ya Bungoma, na muda si mrefu hufika Kamukuywa. Ni soko na steji, makao ya wadi moja ya eneo bunge la Kimilili. Hapo ndipo barabara nyingine inapokata kwenda Kaptama na Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mgonjwa aliyeshuka kutoka mlimani akifika hapa ana njia za kuchagua: apande kwenda Kitale, aelekee Kimilili, au ashike njia ya Webuye akijua kwamba mbele yake ipo hospitali ya Wakatoliki ya Misikhu na ile ya misheni ya Marafiki kule Lugulu. Popote atakapoenda, mtu wa kwanza kumsikiliza kifua, kumuuliza maumivu yalianza lini na kuandika jina la ugonjwa kwa kawaida hatakuwa daktari mwenye shahada ya udaktari. Atakuwa tabibu, yule ambaye sheria humwita afisa wa kliniki. Na kama ni zahanati ndogo, atakuwa muuguzi.

Mgonjwa atamwita daktari tu, wala hakuna wa kumsahihisha. Kinachosahihisha ni sheria, hati ya mshahara na fomu ya bima. Kati ya jina analopewa na raia na lile lililo kwenye hati ya mshahara kuna karne nzima ya mvutano: nani aruhusiwe kufanya nini, nani asomeshwe zaidi, na nani abaki pale pale alipoajiriwa. Pande hizi za Elgon zimeyaona karibu yote.

Enzi za ukoloni Kamukuywa ilikuwa ukingoni mwa dunia mbili. Upande wa Kitale, mji ulioanzishwa na walowezi mwaka 1908 na kufikiwa na reli mwaka 1926, yalitanda mashamba ya Wazungu. Upande wa pili ilikuwa hifadhi ya Waafrika iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, makao ya Wabukusu. Wengi wao walivuka kwenda kulima mashamba ya walowezi na kuishi humo kama maskwota. Tiba nayo iligawanywa kwa rangi ya ngozi kama ardhi ilivyogawanywa. Mzungu alikuwa na daktari wake na wodi yake. Mwafrika, akibahatika, alikuwa na dresa, yaani mfunga vidonda.

Dresa hakuwa mtu wa kwanza kuitwa kujaza pengo la madaktari. Kabla yake walikuwepo Wahindi, wakiwemo wale waliopewa cheo cha daktari mpasuaji msaidizi wa daraja la chini, waliofuata reli na jeshi kutoka ng'ambo ya bahari. Wanahistoria Anna Greenwood na Harshad Topiwala, katika kitabu chao cha 2015 kuhusu madaktari wa Kihindi nchini Kenya, wameonyesha kwamba kabla ya miaka ya 1920 Wahindi walikuwa wengi kuliko Wazungu katika idara ya tiba ya koloni, kisha wakapunguzwa kwa makusudi. Serikali ilipata hoja mpya: Waafrika wenyewe wafunzwe kazi ya chini, nao watakuwa na gharama ndogo. Huu ndio mwanzo halisi wa kada za kati nchini Kenya, na ni vyema kuutaja bila kuupaka sukari. Hazikuzaliwa kwa sababu mtu fulani aliwatakia Waafrika taaluma. Zilizaliwa kwa hesabu ya senti.

Lakini kazi ina tabia ya kumkuza anayeifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 idara ya tiba ilianza kampeni kubwa dhidi ya buba, ugonjwa uliokuwa ukila ngozi na mifupa ya watoto na watu wazima vijijini. Dawa zilizotokana na aseniki zilikuwa ghali, kwa hiyo Kenya ikageukia chumvi za bismathi, ambazo zilikuwa rahisi kununua na zikachomwa kwa sindano. Vidonda vilikauka upesi, watu wakaona kwa macho yao, na foleni zikarefuka kuliko daktari yeyote angeweza kuzihudumia. Aliyeshika sindano mara nyingi alikuwa Mwafrika aliyefundishwa kazini. Mabaraza ya wenyeji, yaliyoundwa kuanzia 1924, yalitumia kodi za watu wao kujenga zahanati, na ndani ya zahanati hizo akawekwa dresa huyo huyo: asafishe vidonda, achome sindano, agawe kwinini, na mambo yakizidi atafute namna ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Hayo mengine hayakuandikwa kwenye barua yake ya kazi. Daktari alikuwa mbali na mgonjwa alikuwa mlangoni.

Misheni nazo zilifanya yao. Wamarekani wa dini ya Marafiki, ambao wengi huwaita Waquaker, walifungua kituo Kaimosi mwaka 1902, na mwaka uliofuata akafika daktari wao, Elisha Blackburn. Kutoka Kaimosi kazi yao ilipanda kaskazini hadi Lugulu, katikati ya Wabukusu. Daktari mmoja na muuguzi mmoja wa kizungu hawawezi kuendesha hospitali. Vijana waliojifunza kusoma Biblia walijifunza pia kufunga bendeji, kupima joto na kutambua malaria. Baadaye Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wengi wa Afrika Mashariki, na baadhi yao walirudi wakiwa wamefunzwa uuguzi na huduma ya kwanza na jeshi. Walikuwa wameokoa watu chini ya mabomu, kisha wakarudi nyumbani kuajiriwa kama wasaidizi.

Kufikia hapo Nairobi ilikwisha kuwa na shule. Chuo cha mafunzo ya tiba kinachojulikana leo kama KMTC huhesabu mwanzo wake mwaka 1927, kando ya hospitali ya Waafrika ambayo sasa ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Humo walifundishwa wasaidizi wa hospitali, wachanganyaji dawa na wasaidizi wa maabara, vyeo ambavyo vilibadilika majina mara kwa mara hadi kufikia maafisa wa kliniki wa leo. Majina yalibadilika haraka kuliko mamlaka.

Hapa yafaa kukumbushwa jambo ambalo madaktari wa leo hawalitaji mara nyingi. Daktari Mwafrika mwenyewe aliwahi kusimama mahali alipo tabibu sasa. Vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliosomea udaktari Mulago na Makerere kabla ya uhuru walimaliza masomo ya miaka mingi, wakaajiriwa kama madaktari wasaidizi Waafrika, na wakalipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyekaa ofisi ya pili. Stashahada yao haikutambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza hadi mwaka 1957. Mwanahistoria John Iliffe ameieleza safari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki. Waliambiwa kwamba elimu yao haitoshi, kwamba usalama wa mgonjwa ndio jambo la kwanza, kwamba wangojee. Walipokataa kungoja na hatimaye kushinda, walipata haki yao. Kisha nao wakaanza kulinda mlango.

Uhuru ulipokuja, Kenya ilikuwa na madaktari wachache na wengi wao walikuwa wageni au wenye kliniki zao mijini. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza mwaka 1967. Wakati wahitimu wake wa kwanza wakisoma anatomia, hospitali za wilaya na vituo vya afya viliendeshwa na wasaidizi wa tiba. Wao ndio waliolaza na kuruhusu wagonjwa, wakashona majeraha, wakanyoosha mifupa, wakazalisha na wakasimama mahakamani kutoa ushahidi wa kesi za kupigwa na kubakwa. Ilichukua robo karne nzima baada ya uhuru Bunge kuwapa sheria yao: Sheria ya Maafisa wa Kliniki ya mwaka 1988, iliyounda baraza lao na daftari la usajili, na kuwafungulia njia ya kuwa na kliniki binafsi. Hata hivyo haikuwapa ngazi ya kupanda. Ngazi hiyo walilazimika kuijenga wenyewe, kozi baada ya kozi.

Ngazi iko hivi. Mwanafunzi wa KMTC husoma miaka 3 apate stashahada ya tiba na upasuaji, kisha hufanya kazi ya mafunzo hospitalini kwa mwaka 1. Akishakuwa na uzoefu anaweza kurudi chuoni kwa stashahada ya juu: magonjwa ya watoto, macho, masikio na koo, mifupa, ngozi, afya ya uzazi, au nusukaputi. Katika hospitali nyingi za kaunti anayemlaza mgonjwa usingizi kabla ya upasuaji, na kuhakikisha anaamka, si daktari bingwa wa nusukaputi. Ni tabibu au muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Mpasuaji anapopongezwa, yeye yuko kichwani mwa meza akihesabu pumzi.

Magharibi ya Kenya imetoa mifano miwili ambayo kila anayebishana juu ya nani afanye nini angepaswa kuisoma.

Wa kwanza ni tohara. Kwa Wabukusu, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa kisu. Vijana huzunguka na njuga kualika jamaa, hupakwa matope mtoni alfajiri, kisha husimama uani bila kupepesa jicho mbele ya omukhebi, yule ngariba ambaye kazi yake hurithiwa katika ukoo. Kwa miaka mingi familia zingine, hasa za Kikristo na za watumishi wa serikali, ziliwapeleka wavulana wao hospitali au kwa mtu wa kliniki aliyeitwa nyumbani. Wengi walidhani kwamba penye koti jeupe pana usalama. Mwaka 2004 watafiti Robert Bailey, Omar Egesah na Stephanie Rosenberg waliwafuatilia wavulana na vijana 1,007 wa Bungoma, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Miongoni mwa waliotahiriwa kimila, asilimia 35 walipata madhara. Miongoni mwa waliotahiriwa kliniki, asilimia 18.

Tofauti ni kubwa, na watu wa hospitali wangeweza kuishangilia. Lakini asilimia 18 ni karibu mmoja kati ya watano, tena mikononi mwa watu wenye leseni. Watafiti waliona vyumba visivyo na vifaa vya kutosha na wahudumu ambao hawakuwa wamefunzwa kwa dhati upasuaji ambao kila mtu alidhani wanaujua. Yaani leseni ilikuwepo, ruhusa ilikuwepo, mafunzo ndiyo yaliyokosekana. Na mafunzo yalipokuja, picha ilibadilika. Kenya ilipoanza mwaka 2008 mpango wa tohara ya hiari kwa ajili ya kupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi, kwanza Nyanza, matabibu walifundishwa utaratibu mmoja wenye vifaa kamili na ufuatiliaji wa kidonda. Mahitaji yakazidi idadi yao, na mwaka 2009 serikali ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kushika kisu wao wenyewe. Wapo waliotabiri maafa. Wauguzi walifanya kazi hiyo kwa maelfu, na programu ikawategemea.

Somo la Bungoma haliwapendelei wapinzani wala watetezi. Kumpa mtu kazi ya juu bila kumfunza ni hatari, na kumfunza kisha kumnyima kazi ni upotevu wa fedha za umma. Mabishano mengi ya Kenya huruka hatua hizo mbili na kwenda moja kwa moja kwenye swali la cheo.

Mfano wa pili unatoka Kitale, nao unahusu macho. Nchini Kenya madaktari bingwa wa macho ni wachache na wengi wamejazana Nairobi, kwa hiyo huduma ya macho vijijini imebebwa kwa miongo kadhaa na matabibu waliosomea macho. Baadhi yao wamefundishwa zaidi ya hapo na huondoa mtoto wa jicho kwa upasuaji, kazi ambayo katika nchi tajiri hakuna anayeigusa asiye daktari bingwa. Bibi wa Kaptama aliyerudishiwa kuona na tabibu haulizi ana shahada gani.

Katika Trans Nzoia ngazi ilishushwa chini zaidi. Daktari wa macho Hillary Rono, aliyekuwa akihudumu Kitale, pamoja na wenzake wa mradi wa Peek walijaribu jambo ambalo lingewachekesha wengi: waliwapa walimu wa shule simu za kisasa zenye programu ya kupima uwezo wa kuona. Shule 50 ziligawanywa makundi mawili. Katika kundi moja mwalimu alipima kwa simu, mzazi akaonyeshwa picha ya jinsi mtoto wake anavyouona ubao, kisha akatumiwa ujumbe wa kumkumbusha kwenda hospitali. Katika kundi la pili ulitumika utaratibu wa kawaida wa kadi na barua. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health, yalionyesha kwamba asilimia 54 ya watoto walioonekana kuwa na tatizo katika kundi la kwanza walifika hospitali, dhidi ya asilimia 22 katika la pili. Mwalimu hakugeuka daktari. Alipewa kipande kimoja cha kazi, kifaa cha kukifanyia, na mahali pa kumpeleka mtoto aliyemzidi uwezo. Na mwisho wa mnyororo huo alikuwepo mtaalamu wa macho anayesubiri. Bila yeye simu ile ingekuwa mchezo.

Janga la Ukimwi lilikwisha kufundisha jambo hilo hilo mapema zaidi. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa Eldoret mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake wa Indiana, ulisambaza kliniki hadi Webuye, Kitale na Mlima Elgon. Madaktari wasingetosha hata wangegawanywa nusu nusu. Ufuatiliaji wa kila siku wa wagonjwa waliomeza dawa za kupunguza makali ulikabidhiwa matabibu na wauguzi, na watu waliokuwa wakizikwa wiki baada ya wiki wakaanza kurudi shambani.

Kwa hiyo swali la kama kada hizi zinaweza kufanya kazi ya juu lilijibiwa zamani. Nje ya Kenya pia lilijibiwa. Tanzania ilianza kuwafunza madaktari wasaidizi mwaka 1963, na kwa miongo mingi wao ndio waliowapasua kina mama waliokwama kujifungua katika hospitali za wilaya. Nchini Malawi uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliangalia upasuaji wa dharura wa uzazi 2,131. Matabibu walikuwa wamefanya 1,875. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliounganisha tafiti kadhaa haukuona tofauti ya maana ya vifo vya akina mama wala watoto kati ya waliopasuliwa na matabibu na waliopasuliwa na madaktari, ingawa vidonda viliambukizwa na kufumuka zaidi kwa matabibu. Tofauti hiyo ya vidonda isifichwe. Inadai mafunzo na usimamizi, kama tohara ya Bungoma ilivyodai.

Swali ambalo halijajibiwa ni la haki: nani anafikishwa kwenye ngazi hiyo, kwa gharama ya nani, na akifika juu anapata nini?

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, mwajiri wa tabibu wa Kimilili au Kitale ni kaunti. Likizo ya masomo hutolewa na kaunti, kupandishwa cheo hupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na mshahara wakati wa masomo hutegemea bajeti ya kaunti. Matawi ya KMTC yapo Bungoma, Webuye na Kitale, lakini kozi za stashahada ya juu hazipatikani kila tawi. Aliye katika kituo chenye tabibu mmoja ndiye anayehitaji ujuzi zaidi kuliko wote, na ndiye asiyeweza kuondoka kwa sababu hakuna wa kushika zamu yake. Mama mwenye watoto wadogo ana kikwazo cha ziada. Na anayerudi na cheti kipya anaweza kukuta amewekwa kazi ile ile, kwa mshahara ule ule, huku mgonjwa aliyehitaji ujuzi wake akiandikiwa rufaa kwenda Eldoret.

Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwatawanya katika kaunti. Walifanya kazi nzuri mahali pengi, na mkataba wao ulimalizika mwaka 2023. Ila mtumishi wa afya aliyekuwa akiomba likizo ya masomo miaka mitatu mfululizo bila jibu alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini fedha ya kumleta mgeni ilipatikana upesi hivyo.

Sheria nazo zimesaidia kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mwingine. Mwaka 2017 matabibu walipata sheria mpya iliyoboresha ile ya 1988. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Afya inayosema Mkurugenzi Mkuu wa Afya lazima awe daktari aliyesajiliwa. Muuguzi au tabibu mwenye shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 20 hana nafasi ya hata kutuma maombi. Ni vigumu kuona usalama wa mgonjwa uko wapi katika kiti cha mkurugenzi.

Bima ndiyo uwanja mpya. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, mwezi Oktoba 2024. Chama cha matabibu, KUCO, kilichokuwa kimetoka kwenye mgomo mrefu ulioanza Aprili mwaka huo, kililalamika kwamba mfumo mpya unawabagua wanachama wake, hasa katika idhini za matibabu na vituo wanavyoviendesha. Mwanzoni mwa 2025 malalamiko hayo yakawa mgomo tena. Kwa mtu wa Kamukuywa mzozo huo haukuwa wa vyeo vya Nairobi. Anayemtibu ni tabibu, na kama mfumo wa malipo haumtambui tabibu, basi mgonjwa ndiye atakayetoa fedha mfukoni.

Haki inataka isemwe pia kwamba matabibu si malaika wa hadithi hii. Kila kada ya afya Kenya imejijengea ua wake: wataalamu wa maabara mwaka 1999, wa lishe mwaka 2007, wa tiba ya viungo mwaka 2014, watunza kumbukumbu za afya mwaka 2016. Ua humlinda mgonjwa dhidi ya matapeli, na nchi hii inawajua matapeli wa kutosha. Ua pia humzuia jirani. Wizara ilipotoa mwongozo wa kugawana majukumu wa 2017 hadi 2030, upinzani haukutoka kwa madaktari peke yao. Wataalamu wa maabara nao walikataa watu wasiosomea maabara kupima virusi vya Ukimwi. Wengi hutetea kugawana kazi inapotoka juu kuja kwao, na huipinga inapotoka kwao kwenda chini. Mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa upande wake, nchini Uingereza ameruhusiwa tangu 2013 kuandika dawa mwenyewe akishahitimu mafunzo maalumu. Mwenzake wa Bungoma anayehudumia watoto wenye mtindio wa ubongo na waendesha bodaboda waliovunjika miguu kwenye A1 bado hutegemea saini ya mtu mwingine.

Uingereza yenyewe haijatulia. Huko kuna kada inayofanana kidogo na matabibu, wasaidizi wa madaktari waliosoma miaka michache, na ugomvi juu yao umekuwa mkali. Waliwekwa chini ya baraza la madaktari Desemba 2024. Julai 2025 ripoti iliyoongozwa na Profesa Gillian Leng ilipendekeza jina lao libadilishwe ili mgonjwa asidhani ni madaktari, na kwamba wasiwe wa kwanza kumwona mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Pendekezo hilo huenda likafaa mji wenye madaktari kila mtaa. Kenya ikiliiga, vituo vya afya kutoka Kiminini hadi Kapsokwony vitafungwa siku hiyo hiyo, kwa maana mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujajulikana ndiye hasa kazi ya tabibu tangu siku za dresa na buba.

Kuna jambo moja ambalo Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kulifanya bila kungoja Bunge, mahakama wala mgomo mwingine. Bodi zao za utumishi wa umma zichapishe kila mwaka, kada kwa kada na kituo kwa kituo, idadi ya watumishi wa afya walioomba likizo ya masomo, waliopewa, walionyimwa na sababu za kunyimwa, pamoja na idadi ya waliorudi na stashahada ya juu ambao hadi leo hawajapangiwa kazi waliyoisomea. Wakazi wanaolipia mishahara hiyo wana haki ya kuiona orodha hiyo, nao wawakilishi wa wadi, yule wa Kamukuywa akiwa mmojawapo, wanayo mamlaka ya kuidai.